Askari Mmoja, Nafasi ya Watu Wawili

Kuna hesabu moja ambayo kila aliyepanda daladala anaijua. Kiti cha watu watatu, konda anataka wakae wanne. Ukilalamika anakujibu, "Sogea kidogo bro, mbona nafasi ipo!" Konda anahesabu vichwa. Hamhesabu mama mwenye beseni, hamhesabu mwanafunzi mwenye begi mgongoni, wala yule jamaa aliyetoka Kariakoo na viroba viwili vya bidhaa. Kwake kichwa ni kichwa na nauli ni nauli.

Sasa wadau, leo nataka tuzungumze jambo ambalo halisemwi sana kwenye habari za vita. Majeshi ya dunia hii, hata yale yenye pesa za kumwaga na maprofesa wa kila fani, yamekuwa yakipiga hesabu ya konda kwa muda mrefu. Na hesabu hiyo imeumiza watu, mingine imewaua.

Habari yenyewe ni hii. Askari ukimpima akiwa na kaptula tu, ni mtu kama mimi na wewe. Mvalishe kofia ngumu, fulana ya kuzuia risasi, magazini kifuani, maji, redio, vifaa vya huduma ya kwanza, shanta mgongoni, halafu mpe bunduki. Huyo sasa ni mtu mwingine. Amenenepa bila kula. Anahitaji mlango mpana zaidi, kiti chenye kina zaidi, nafasi zaidi ya magoti, na sekunde zaidi za kutoka kwenye gari linalowaka moto. Lakini kwenye makaratasi bado ameandikwa vilevile: askari mmoja.

Hoja yangu ni fupi. Kila kinga unayomvisha askari inamwongezea ukubwa, na ukubwa huo lazima kuna mtu ataulipia. Ama anaulipia anayepanga vita na anayetengeneza gari, kwa kutoa nafasi ya kutosha, ama anaulipia askari mwenyewe kwa mwili wake. Ukiipitia historia utaona kwamba mara nyingi bili imepelekwa kwa askari.

Tuanzie mbali kidogo. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo alikuwepo mwanahistoria wa Kigiriki aitwaye Polybius, aliyepelekwa Roma kama mateka na kuishi huko miaka mingi. Huyu bwana alilinganisha jeshi la Warumi na jeshi la Wamasedonia, na hakuishia kwenye ushujaa na majina ya majenerali. Alichukua vipimo. Askari wa Kimasedonia, anasema, alisimama kwenye mstari uliobanana akichukua upana wa futi 3, mkuki wake mrefu ukielekea mbele. Mrumi naye pamoja na silaha zake alichukua futi 3. Lakini Mrumi alibeba ngao kubwa, upana wake futi 2 na nusu na urefu futi 4, na alipigana kwa kuizungusha ngao hiyo kufuata kila pigo huku akikata na kuchoma kwa upanga. Kwa hiyo, anasema Polybius, huyu anahitaji futi 3 nyingine za kujigeuza, la sivyo silaha zake hazina kazi.

Matokeo ya hesabu hiyo ni kwamba Mrumi mmoja wa mstari wa mbele alijikuta anatazamana na Wamasedonia wawili, na kwa kuwa mikuki ya safu tano ilifika mbele, mbele yake kulikuwa na ncha 10 za mikuki. Ukisoma hapo unasema Mrumi kwisha habari yake. Wapi! Mwaka 197 kabla ya Kristo huko Kynoskephalai, na tena mwaka 168 huko Pydna, Warumi ndio walioshinda. Waliijua gharama ya ngao yao, wakaipangia. Mistari yao iliachwa na nafasi, vikosi vyao vidogo viliweza kugeuka vyenyewe, na ardhi ilipokuwa mbovu mstari uliobanana wa Wamasedonia ukapasuka, Warumi wakapenya kwenye mianya. Nafasi aliyopewa kila askari haikuwa hasara kwao. Ilikuwa sehemu ya silaha.

Miaka 1,500 na zaidi baadaye kuna waliosahau somo hilo. Tarehe 25 Oktoba 1415, huko Agincourt kaskazini mwa Ufaransa, jeshi la Wafaransa lilikutana na jeshi dogo la Mfalme Henry wa Tano wa Uingereza. Wafaransa walikuwa wengi, na wakubwa wao walivaa deraya za chuma kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Uwanja wenyewe ulikuwa umebanwa na misitu pande mbili, ulikuwa shamba lililolimwa, na mvua ilikuwa imenyesha. Matope matupu.

Mabwana wale walishuka kwenye farasi na kutembea kwa miguu kuelekea kwa adui huku mishale ikiwanyeshea. Kadiri walivyosogea ndivyo uwanja ulivyozidi kuwa mwembamba, na waliokuwa nyuma wakaendelea kusukuma. Waandishi wa wakati ule wanaeleza kwamba waliofika mbele walibanana kiasi cha kushindwa kuinua mikono yao wapige. Aliyeanguka alikanyagwa na wenzake, mwingine akaanguka juu yake, na wengi walikufa kwa kukosa hewa. Mtu amevaa chuma cha kuzuia upanga, anauawa na uzito wa rafiki yake!

Kuna jambo la kuongezea hapa. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza na wenzao waliwavalisha watu nakala za deraya za zama zile na kuwatembeza kwenye mashine ya kukimbilia. Waligundua kwamba kutembea ndani ya chuma kile kunatumia nguvu zaidi ya mara 2 ya kutembea bila chuma. Sababu haikuwa uzito peke yake. Chuma kilikuwa kimetandazwa hadi miguuni, kwa hiyo kila hatua ilimaanisha kuinua mzigo, na bamba la kifuani lilizuia mtu kuvuta pumzi ndefu. Kwa hiyo kinga inakuongezea ukubwa kwa nje na inakupunguzia nafasi kwa ndani. Hata mapafu yanabanwa.

Bunduki zilipopata nguvu, chuma cha mwilini kilianza kuachwa kidogo kidogo. Kufikia karne ya 19 askari wa miguu wengi wa Ulaya walikwenda vitani na vitambaa tu. Ungedhani ukubwa wa askari nao umekwisha. La hasha, ulihamishwa. Na hapa historia hii inapita mlangoni kwetu.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, majeshi yaliyopigana Afrika Mashariki hayakuwa na barabara za maana, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Maji, risasi, chakula, mahema, vyote vilikwenda juu ya vichwa vya watu, kila mmoja na mzigo wa kilo 25 hivi. Waingereza waliwaita wapagazi hao Carrier Corps, na kambi yao Dar es Salaam ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao. Makadirio ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee yanazidi 90,000, wengi wao kwa magonjwa, njaa na uchovu, si kwa risasi. Ukiangalia picha za askari wa vita ile porini unaweza kusema walikuwa wepesi, bunduki na mkanda tu. Sehemu kubwa ya ukubwa wa askari yule ilikuwa imewekwa juu ya kichwa cha mtu mwingine ambaye hakuhesabiwa kama askari.

Vita hiyohiyo, huko Ulaya, ndiyo iliyorudisha chuma mwilini. Mwaka 1915 Wafaransa walianza kugawa kofia za chuma, Waingereza wakafuata, Wajerumani mwaka 1916. Ikaja na barakoa ya gesi ya sumu. Septemba 1916 kikaja kifaru cha kwanza cha Waingereza, Mark I, kilichobanana watu 8 pamoja na injini yenyewe chumba kimoja, joto, moshi na kelele juu yake. Vipande vya chuma viliruka ndani kila risasi zilipogonga ukuta, hivyo wakapewa barakoa za ngozi zenye vyuma vidogo vya kuning'inia mdomoni. Unaona mwenendo wake? Kinga ya gari ikazaa haja ya kinga ya mwili, nayo ikala nafasi ya ndani ya gari.

Lakini waliolazimika kuipima hesabu hii kwa sentimita ni watu wa ndege, katika Vita Kuu ya Pili. Chukua ndege ya mabomu ya Marekani, B-17. Chini ya tumbo lake ilining'inia tufe la chuma na kioo lenye upana unaozidi kidogo mita 1. Ndani yake aliingia mtu mmoja na bunduki kubwa mbili za rashasha, akajikunja magoti yakiwa juu kama mtoto tumboni mwa mama. Huko juu baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi, kwa hiyo alivaa suti yenye nyaya za umeme za kumpasha joto, buti nene, glovu na barakoa ya oksijeni. Walichaguliwa vijana wafupi na wembamba. Hata hivyo, kwa kawaida parachuti halikupata nafasi. Liliachwa ndani ya ndege, na ndege ikipigwa ilibidi kwanza ajitoe kwenye tufe, alitafute parachuti, alivae, ndipo aruke. Mshambuliaji wa mkiani kwenye Lancaster za Waingereza naye alikuwa na tatizo la namna hiyo, parachuti lake liko nyuma ya mlango wake.

Wakati huohuo daktari wa jeshi la anga la Marekani, Malcolm Grow, aligundua kwamba majeruhi wengi wa ndege walipigwa na vipande vya makombora vyenye mwendo mdogo, ambavyo bamba jembamba la chuma lingeweza kuvizuia. Akaomba fulana za chuma zitengenezwe, na kampuni ya Wilkinson Sword ya Uingereza, inayojulikana kwa mapanga na nyembe, ikazitengeneza. Zilisaidia kweli. Lakini zilikuwa na uzito wa kilo 9 hivi, kwa hiyo ziliwekewa kamba ya kuvuta ili zidondoke mara moja mtu akitaka kuruka. Grow alielewa jambo ambalo wengi walilisahau baadaye: kinga isiyo na njia ya haraka ya kuivua ni mtego.

Ni katika mazingira hayo wataalamu wa vipimo vya mwili walipoingia jeshini kwa nguvu. Kituo cha Wright Field huko Ohio kilipima maelfu ya wanaanga, na mwaka 1946 kikachapisha kitabu kizito kuhusu ukubwa wa mwili wa binadamu katika ndege na vifaa vya kivita. Mwaka 1950 wakapimwa marubani wengine 4,063. Luteni kijana, Gilbert Daniels, akachukua vipimo 10 muhimu na kutafuta ni marubani wangapi walikuwa wa wastani kwa vyote 10. Alikuta wangapi? Sifuri. Huyo mtu wa wastani ambaye viti vilikuwa vikitengenezwa kwa ajili yake hakuwahi kuzaliwa. Tokea hapo jeshi la anga likaanza kudai viti na mikanda inayorekebishika.

Watu wa nchi kavu walichelewa kulielewa somo hilo. Tarehe 6 Juni 1944 Wamarekani walishuka pwani ya Normandy, ufukwe waliouita Omaha. Mashua zao za LCVP zilikuwa na urefu wa mita 11 na upana wa mita 3 na kitu, uwezo askari 36. Kikosi cha mashua moja kilipangwa kuwa cha watu 30 hivi pamoja na vifaa vyao, na hapo bado walikuwa wamebanana, wanatapikiana. Kila mmoja alibeba bunduki, risasi, barakoa ya gesi, chakula, mabomu, wengine baruti na mashine za kurusha moto. Uzito wa kilo 30 hivi haukuwa jambo la ajabu. Juu ya yote walivaa mkanda wa kuelea kiunoni.

Mlango ukashushwa, wengine wakajikuta kwenye maji ya shingo. Mzigo ukalowa. Na ule mkanda wa kuelea, kwa kuwa ulikuwa kiunoni wakati uzito wote uko kifuani na mgongoni, uliwapindua baadhi yao vichwa chini, miguu juu. Mwaka 1950 S.L.A. Marshall, mwanahistoria wa jeshi la Marekani, aliandika kitabu kizima kupinga tabia ya kumrundikia askari mizigo. Wengine baadaye wamezitilia shaka takwimu zake za mambo mengine, lakini juu ya mizigo wengi wanakubaliana naye: mtu aliyeelemewa huchoka, mtu aliyechoka huogopa, na mtu anayeogopa husimama pale asipotakiwa kusimama.

Tuje kwenye magari, maana huko ndiko hesabu ya konda ilikoota mizizi. Mwaka 1960 Wamarekani walianza kutumia gari la deraya la M113: dereva na kamanda, halafu askari 11 nyuma. Sanduku la aluminiamu juu ya minyororo, basi. Mwaka 1981 likaja Bradley, lenye mzinga, makombora na chuma kinene zaidi. Nafasi ya nyuma ikabaki ya askari 6 au 7, wakati kikosi kidogo cha askari wa miguu wa Marekani ni watu 9. Yaani kinga na silaha za gari ziliwafukuza wenye gari. Vikosi vikagawanywa, huyu kapanda gari hili, yule kapanda lile, na wakishuka chini ya risasi inabidi watafutane kwanza.

Na hao 6 au 7 walihesabiwa wakati ambapo askari alivaa fulana laini ya kuzuia vipande vya makombora. Miaka ya 1990 zikaja sahani ngumu za seramiki. Sahani moja ya saizi ya kati ina upana wa sentimita 24 hivi na urefu wa sentimita 32 hivi, na unene wa sentimita 2 au zaidi. Haikunjiki. Weka moja kifuani, moja mgongoni, panga magazini juu ya ile ya mbele na mfuko wa maji juu ya ile ya nyuma. Sasa mkalishe huyo mtu kwenye kiti. Mgongo haugusi tena kiti, amesukumwa mbele. Magoti yamekwenda mbele zaidi, yanagongana na ya mwenzake anayemtazama. Sahani ya mbele inamchoma tumboni au mapajani. Mkanda wa kiti haufiki. Kofia inagonga kitu nyuma, kichwa kinainama. Kaa hivyo saa 4 kwenye barabara ya vumbi, halafu uambiwe: shuka upigane.

Mogadishu, tarehe 3 Oktoba 1993, ilionyesha pande zote mbili za tatizo hili. Kikosi cha Marekani cha watu 160 hivi kilikwenda kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Aidid, kazi ya saa 1 mchana kweupe. Fulana za Ranger wakati ule zilikuwa na sahani ngumu ya mbele tu. Wengi waliacha vifaa vya kuonea usiku, wengine wakapunguza hata maji, wabaki wepesi. Makomandoo wengine hawakukaa ndani ya helikopta kabisa, walikaa nje kwenye mbao za pembeni za helikopta ndogo, miguu inaning'inia. Helikopta mbili zikadunguliwa, kazi ya saa 1 ikawa ya usiku kucha, na vile vilivyoachwa kambini vikatamaniwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 msafara wa kuwaokoa ulifika, ukiwa na magari ya deraya ya Malaysia na vifaru vya Pakistani. Majeruhi wakapakiwa. Magari yakajaa. Waliobaki wazima wakaambiwa wakimbie pembeni ya magari wayatumie kama ukuta, lakini magari yakaongeza mwendo, wakabaki wanakimbia barabarani peke yao huku risasi zinapita. Wamarekani 18 walikufa katika mapigano yale, na Wasomali mamia. Mbio zile watu wamezitungia hadithi za ushujaa. Mimi nikizisoma naona pia swali la kawaida kabisa: nani alihesabu viti? Majeruhi anayelala anachukua nafasi ya watu kadhaa waliokaa, na majeruhi mwenye fulana na kofia anachukua zaidi.

Baada ya hapo sahani ya nyuma ikaongezwa. Ndiyo kawaida, kila msiba huongeza kitu. Iraq na Afghanistan zikaongeza sahani za ubavuni, kinga za shingo, mabega na kinena, hadi fulana kamili ikafikia kilo 15 hivi. Mwaka 2003 jeshi la Marekani lilituma timu Afghanistan kupima askari wa kikosi cha parachuti wakiwa kazini hasa, si kambini. Mzigo wa kupigana, yaani ule mdogo kabisa, ulikuwa wastani wa kilo 28 na ushei. Mzigo wa safari ya kuelekea vitani, kilo 46. Wa dharura, kilo 60. Sasa kumbuka wanapanda milima.

Na mwili wenyewe haukubaki palepale. Mwaka 1988 jeshi hilo lilipima wanaume 1,774 na wanawake 2,208. Vipimo hivyo vikawa msingi wa dizaini kwa zaidi ya miaka 20. Walipopima tena hadi mwaka 2012, wanaume 4,082 na wanawake 1,986, urefu wa mwanaume wa wastani ulikuwa uleule, sentimita 175 na nusu hivi, lakini uzito ulikuwa umepanda kutoka kilo 78.5 hadi 85.5. Kilo 7 za ziada kabla hata hajavaa buti! Gari lililochorwa kwa vipimo vya zamani linampokea mtu mnene zaidi mwenye fulana nene zaidi.

Gharama yake ilionekana barabarani. Humvee, lililobuniwa kama gari jepesi la kuzungukia, lilivishwa chuma haraka haraka kuzuia mabomu ya kutegwa. Likawa zito juu, likawa linapinduka, na milango ikawa mizito kuifungua. Watu waliosalimika na bomu walikwama ndani ya gari lililolala kwenye mfereji wa maji, wamening'inia kwenye mikanda, fulana zimenasa. Ikabidi jeshi litengeneze mashine ya mafunzo: bodi la Humvee linazungushwa hadi linakuwa kichwa chini, na askari wakiwa na vifaa vyote wanajifunza kujifungua na kutoka. Magari makubwa zaidi ya kuhimili mabomu yalipokuja, mashine kama hiyo ikatengenezwa kwa ajili yake pia.

Hatimaye wakafanya lililopaswa kufanywa tangu zamani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ripoti ya vipimo vya askari wakiwa wamekaa: wakiwa na kombati tu, wakiwa na fulana na kofia, na wakiwa na vifaa vyote. Yaani wakawapima kama wanavyopanda gari kweli. Jambo rahisi namna hiyo, miaka zaidi ya 60 baada ya Wright Field!

Kulijua tatizo si kulimaliza, maana nafasi nayo ina bei. Mwaka 2009 Wamarekani walianzisha mpango wa gari jipya la kubeba kikosi kizima cha watu 9 na vifaa vyao. Watu 9 wenye fulana wanataka sanduku kubwa, sanduku kubwa linataka chuma kingi kulifunika, na chuma kingi kinataka injini kubwa. Makadirio ya uzito yakapanda hadi kulipita kifaru cha Abrams. Mwaka 2014 mpango ukafutwa. Gari la XM30, lililokuja kupangwa baadaye, limerudi kwenye askari 6 nyuma. Angalau sasa wanasema wazi: ni 6.

Wanawake nao wana sura yao katika habari hii. Kwa miaka mingi walipewa fulana za wanaume, saizi ndogo. Lakini mwanamke si mwanaume aliyepunguzwa. Kiwiliwili kifupi kinafanya sahani igonge mapaja akikaa, na akilala kifudifudi kulenga shabaha kola ya nyuma inasukuma kofia hadi machoni. Fulana zilizokatwa kwa umbo la kike zilianza kujaribiwa katika jeshi la Marekani mwaka 2012 tu. Kinga isiyokukaa inakulinda nusunusu, halafu inakuzuia kupiga.

Kwa nini nawaandikia haya sisi wa huku? Kwa sababu vijana wetu nao wanapanda magari hayo. Waganda waliingia Mogadishu Machi 2007 chini ya AMISOM, Warundi wakafuata, Wakenya wakaunganishwa mwaka 2012, na Watanzania walikuwemo kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopambana na M23 Kongo mwaka 2013. Gari moja lililozoeleka Mogadishu ni Casspir, lililobuniwa Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1970, tumbo lake limechongwa kama herufi V kutawanya mlipuko. Gari zuri, limeokoa wengi. Uwezo wake: watu 2 mbele na 12 nyuma. Lakini hao 12 ni wa enzi zile, wakati askari wake wengi hawakuvaa fulana nzito zenye sahani. Wa Mogadishu walivaa fulana na kofia.

Vifaa vingi vinavyotumika kwetu vimechorwa kwa miili iliyopimwa mahali pengine, kwa vita vya watu wengine. Hilo peke yake si kosa, chuma ni chuma. Kosa ni kupokea namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mwuzaji kana kwamba ni aya. Gazeti likiandika kwamba gari jipya lina uwezo wa kubeba askari 12, na mbunge akipiga meza, swali linapaswa kuwa: 12 wa namna gani? Wenye kombati tu, au wenye fulana, maji na risasi za siku 2? Wametolewa nje kwa sekunde ngapi, na gari limelala upande gani? Majeruhi wawili wakilazwa, wanabaki wangapi, na wasiobaki watarudi na nini?

Haya si maswali ya siri za ulinzi. Ni maswali ya kawaida ambayo mzazi mwenye kijana jeshini ana haki ya kujua kwamba kuna mtu aliyauliza. Konda akikubana kwenye daladala, mbaya zaidi utashuka na shati limekunjamana. Askari akibanwa vivyo hivyo, huenda asishuke kabisa.

Wadau, tujadili.